Barua ya wazi kwa wakubwa wa mto Nairobi: tupeeni ukingo venye wenzetu walipewa Karura

Waheshimiwa, Gavana wa Nairobi, Waziri wa Mazingira, wakubwa wa mamlaka ya mazingira NEMA, wa idara ya misitu na wa tume ya mito,

Nawasalimu nyote. Hii barua naiandika wazi juu zile za bahasha tumeandika, zikapigwa muhuri kwamba zimepokelewa, halafu kimya. Mimi ni mkaazi wa Korogocho, huku mto Nairobi unakofika ukiwa umeshabeba uchafu wa kila mtu, na niko kwa kikundi cha vijana na akina mama ambao husafisha kipande cha ukingo. Ombi langu ni moja na naliweka hapa juu kabisa, ndio hata mkichoka kusoma katikati muwe mmelipata. Huo ukingo mnaosafisha saa hii kwa mradi wenu wa mto Nairobi, kabla hamjauzungushia seng'enge na kuweka walinzi, andikianeni na sisi makubaliano yenye sahihi na sheria nyuma yake, tuutunze na tufaidike nao, venye wenzetu wa Karura walipewa msitu.

Sasa mnivumilie nianze mbali kidogo, juu naona mnarudia mambo ya zamani mkidhani ni mawazo mapya.

Hii tabia ya kuchora mstari kwa ramani na kusema ndani ni ya wanyama na miti, nje ni ya binadamu, si ya jana. Wamarekani walitenga Yellowstone mwaka 1872 kama mbuga ya taifa, na kulikuwa na wenyeji waliokuwa wakiwinda na kupita hapo tangu zamani, wakasukumwa nje. Waingereza nao 1903 wakaunda chama cha kulinda wanyama wa himaya yao, na wengi wa wanachama walikuwa haohao waliowapiga hao wanyama risasi mpaka wakaanza kuogopa wataisha. Akili hiyo ndiyo ilipanda meli ikaja huku. Wamaasai walikuwa wameshahamishwa na mikataba ya 1904 na 1911, sheria ya mbuga ikapita 1945, na mwaka uliofuata tukapata Nairobi National Park, ya kwanza Kenya, kilomita mraba 117 hapo tu nyuma ya Lang'ata. Kuna kisa mimi hucheka nikikikumbuka, kwamba Mervyn Cowie, yule aliyepigania hiyo mbuga, aliandikia gazeti la East African Standard barua akijiita "Old Settler", akitaka wanyama wote wa hapa wamalizwe kwa risasi, ili tu watu wakasirike waanze kudai mbuga. Na ilifanya kazi. Kwa hivyo msione barua kwa umma ni kitu kidogo, ingawa mimi siwategi, nasema ninachotaka.

Na sisemi hiyo mbuga ni mbaya, la. Bila huo mstari leo pangekuwa maghorofa na godauni kutoka South C mpaka Athi River. Lakini angalieni kilichofuata. Upande wa kusini uliachwa wazi ndio nyumbu na punda milia watoke mvua ikinyesha waende Kitengela na nyanda za Athi-Kapiti, na hiyo ardhi ni ya watu, na watu wakaanza kuigawa, kuuza, kuweka seng'enge na mawe ya kujengea. Ikabidi kuanzia 2000 wenye mashamba walipwe dola 4 hivi kwa ekari kwa mwaka ndio waache njia wazi. Yaani zaidi ya miaka hamsini baada ya kumwambia Mmaasai akae mbali na wanyama, watu wa uhifadhi walirudi kwake na pesa mkononi kumwomba awakaribishe.

Kulikuwa pia na wale wa kusema asili ni ya kutumika, mradi itumike kwa akili isiishe. Arboretum yetu hapo karibu na State House ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, juu gari la moshi lilikuwa linakula kuni na wakoloni waliogopa kuni zitaisha. Leo watu wanaenda huko kuomba na kupiga picha za harusi, hawajui wako kwa shamba la majaribio ya kuni. Huko Marekani hizi kambi mbili ziligombana waziwazi, John Muir akisema bonde la Hetch Hetchy liachwe lilivyo ni kama mahali pa ibada, Gifford Pinchot akisema kama mji wa San Francisco unataka maji basi bwawa lijengwe, na 1913 bunge lao likaruhusu bwawa, Muir akafa mwaka uliofuata. Mpaka leo San Francisco inakunywa hayo maji. Na sisi watu wa Nairobi tusijifanye tuko upande wa Muir, sehemu kubwa ya maji yetu inatoka Ndakaini huko Murang'a, maji ya misitu ya Aberdare, na wengi wetu hatujawahi hata kuuliza watu wa huko wanapata nini.

Kambi ya tatu ni ya mikutano. Hiyo Nairobi tunaijua vizuri. Dunia ilikutana Stockholm 1972 kuongea mazingira, ikaundwa UNEP, shirika lao la mazingira, na makao yake makuu yakaletwa hapa kwetu, ambayo ilikuwa heshima kubwa, shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuweka makao makuu kwa nchi kama zetu. Kutoka Gigiri, yaliko makao hayo, mpaka jaa la taka la Dandora ni mwendo wa matatu mbili tu. Jaa hilo lilianza miaka ya sabini, UNEP ikiwa na umri mdogo vilevile, likatangazwa limejaa 2001, na bado malori yanapanga foleni kumwaga. Naishi ng'ambo ya mto kutoka hapo. Moshi wake unajua saa zetu za kulala. Sina ubishi na mikataba, sheria nzuri tulizonazo nyingine zimetoka kwa hizo mikutano, ninachouliza ni kwa nini karatasi hufika Korogocho ya mwisho kila mara na buldoza hufika ya kwanza.

Halafu sasa kuna Profesa Wangari Maathai, na hapa nitakaa kidogo juu naona mnamtaja sana kwa hotuba na mnafanya kinyume cha alichofanya. Yeye hakuanza na mbuga wala mkutano, alianza na akina mama wa mashambani waliokuwa wanalalamika kuni ziko mbali, maji yanapungua, chakula hakuna. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa Kamukunji, hapo tu tukipita kwenda Gikomba, na ndio Green Belt Movement ikaanza. Kitu ninachotaka mkiangalie ni nasari za miche. Akina mama walikuwa wanaotesha miche wenyewe, kwa mbegu za miti ya kwao, na walikuwa wanalipwa kitu kidogo sana, senti chache za dola, kwa kila mche ulioshika. Ulioshika! Halipwi mtu kwa kuchimba shimo. Mkianza kulipa kwa mashimo mtapata mashimo, na mkilipa kwa mti ulio hai baada ya miezi, mtapata mtu anayeamka asubuhi kufukuza mbuzi. Ilipofika 2004 anapewa Nobel walikuwa wameshapanda miti zaidi ya milioni 30.

Linganisheni na Novemba 13, 2023. Mlitupa likizo nchi nzima ya kupanda miti, na lengo la bilioni 15 ifikapo 2032, na mimi nilienda nikapanda kama raia mwema. Huku kwetu miche ililetwa na lori, ikashushwa saa nne, kamera zikafika saa tano, na nikaona kwa macho yangu mtu mzima na suti anashindilia mche ardhini na karatasi yake ya nailoni bado imeshika mizizi. Hakuna aliyeachiwa jerikeni ya kumwagilia. Hakuna aliyeandikwa jina kwamba huu ni wako ukikauka tutakuuliza. Mvua ile ya El Nino ilisaidia mingine, mingine mbuzi walimaliza kabla ya Krismasi.

Na Mama Wangari hakuwa wa miti tu, alijua mti unakatwa na mtu mwenye nguvu. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akapinga, bungeni wakamcheka na kuita kundi lake wanawake walioachika, lakini wafadhili wakaondoa pesa zao na jumba likakufa. Karura nayo ilikuwa inagawiwa vipande vipande kwa watu wa kujenga nyumba za matajiri, na Januari 1999 alipoenda kupanda miti pale langoni alipigwa na majambazi wa kukodishwa mpaka kichwa kikapasuka. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Msitu ukabaki.

Sasa sikilizeni kilichookoa Karura baada ya kelele kuisha, maana huo ndio mfano wangu wote. Miaka ya tisini na hata baadaye watu waliogopa kuingia humo, palijulikana kwa maiti na wezi. Sheria ya misitu ya 2005 ikaruhusu wakaazi kuunda chama cha jamii na kuandikiana na idara ya misitu, na wakaazi wa Karura wakaunda chao, wakatafuta pesa, wakaweka ua wa umeme, wakaajiri maskauti kutoka vijiji vya karibu, na watu wa Huruma, ile Huruma ndogo ya kando ya msitu sio hii ya huku kwetu, wakapata kazi, nasari, na ruhusa ya kuokota kuni kwa utaratibu. Halafu milango ikafunguliwa. Watu wakaanza kulipa kiingilio, kukimbia, kupiga baiskeli, kufanya birthday za watoto. Ua upo ndiyo, lakini ndani kuna watu, na wanaoulinda ni wale ambao ukiharibika wao ndio watakosa.

Mtaniambia Karura ni ya Muthaiga na Runda na Gigiri, watu wa pesa na mawakili. Ni kweli kabisa! Na hilo ndilo linaloniuma. Sheria ikiwa upande wa juu wa mji inaitwa ushirikiano, ikishuka huku inaitwa oparesheni. Sheria ya maji ya 2016 inaruhusu vyama vya watumiaji wa maji kusimamia vyanzo na mito pamoja na serikali, hamhitaji kwenda bungeni kutunga kitu kipya. Katiba kifungu cha 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na cha 69 inawaambia nyinyi, serikali, mhimize wananchi kushiriki kuyatunza. Hicho kifungu hakisemi wananchi wa upande gani wa Thika Road.

Kwa vile wengi wenu huja na msafara na kurudi na msafara, wacha niwaeleze ukingo ulivyo. Ukianza kuchimba huku kwetu hupati udongo. Unapata nailoni za zamani, zile zilizopigwa marufuku Agosti 28, 2017, zimelaliana kama kurasa, kati yake nguo, pampas, viatu vya mguu mmoja, nywele za bandia, halafu nailoni tena. Jembe halipiti, linaruka. Inabidi mtu avae gamubuti apige magoti avute kwa mkono mpaka apate kitu cheusi kinachonuka udongo kweli, na hapo ndio unaweza kuweka mwanzi, nduma na majani ya napia juu hizo zinashika ukingo haraka. Ukimaliza, mvua ikinyesha Kikuyu na Kawangware, usiku mmoja mto unaleta mzigo mwingine unauweka juu ya kazi yako. Na kuna mfuniko wa sua, ile mitaro ya maji taka, ulioibiwa kitambo, kila siku maji ya choo yanatoka hapo yanaingia mtoni moja kwa moja, na hata mkipanda Eden nzima pale bila kufunika hilo shimo mnadanganyana. Lakini watu wanarudi, wanavuta tena. Wameweka zamu za kulinda usiku dhidi ya mikokoteni inayokuja kumwaga taka, na mtu wa mkokoteni anajulikana kwa jina na kwa mama yake, ndio maana anasikia. Hiyo nguvu askari wa kanjo hana hata mkimpa bunduki.

Mwaka jana kuna buldoza lilikuja, sitasema la nani, likapitisha njia ya malori juu ya nasari yetu na mianzi tuliyoilea. Hakukuwa na ubaya nadhani. Dereva hakuwa na ramani inayoonyesha kwamba hapo kuna kitu, na hakuna karatasi popote inayosema hapo kuna mtu. Basi hiyo karatasi ndiyo naomba.

Najua jibu lenu la kawaida, kwamba watu wa mtoni ndio wanachafua mto. Wengine wanachafua ndiyo, sitawatetea. Lakini mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu ukiwa maji, unapita viwanda, gereji, machinjio, maghorofa yaliyounganisha choo kwa mfereji wa mvua, na kufika huku ukiwa rangi ya oili chafu, kisha wa kulaumiwa tunakuwa sisi. Hoja hiyohiyo walipigwa nayo Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, eti waondoke kuokoa msitu, na Mei 2017 mahakama ya haki za binadamu ya Afrika kule Arusha ikasema serikali ilivunja haki zao na haikuthibitisha kwamba wao ndio waliomaliza huo msitu. Ona na mafuriko ya 2024, watu walizama Mathare na Mukuru, kisha mkatoa amri watu wahame mita 30 kutoka mtoni na tingatinga zikaja watu wakiwa bado wanaanika magodoro, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia. Ni haki kusema 2018 mlibomoa hata Ukay Centre kule Westlands na South End Mall ya Lang'ata, nilifurahi siku hizo, nikadhani sasa mstari ni mmoja kwa wote. Ile kasi ilipotelea wapi?

Na msidhani napinga serikali kutumia nguvu. Marufuku ya nailoni ilikuwa ya nguvu, faini mpaka milioni 4 ama jela, na ni moja ya vitu vizuri mlivyowahi kufanya, juu iligonga kiwanda na mama mboga siku moja. Marehemu Michuki naye alipokuwa waziri alisukuma kwa nguvu mpaka ile sehemu ya mto hapo Globe ikapendeza na ikapewa jina lake. Lakini alipoenda, kazi ilirudi nyuma, hiyo pia mnaijua, juu ilikuwa ya mtu mmoja mwenye mamlaka na hakuna wenyeji waliokuwa wameandikiwa chochote. Programu ya kusafisha mito ya Nairobi ya pamoja na UNEP ilianza 1999. Kila serikali imekuwa na yake. Hii yenu mliyozindua Machi 2025, ya bilioni 50 na kilomita 27 kutoka Naivasha Road mpaka Ruai, ina pesa kuliko zote na vijana wetu wengi wako ndani wanafanya kazi, na kazi inaonekana, siwezi kukana. Mimi nauliza ya siku vijana watakapopewa mshahara wa mwisho na kontrakta akifungasha. Nikisikia mipango ya kuweka seng'enge na geti naogopa, juu mtakuwa mmeugeuza mto kuwa kabati ya vyombo vya wageni, sisi tunaopanguza vumbi haturuhusiwi kuvitumia.

Kwa hivyo naomba hivi. Gaweni ukingo kwa vipande, kila kipande kiwe na chama cha watumiaji maji kilichosajiliwa chini ya sheria ya 2016, na makubaliano ya miaka isiyopungua kumi, yaliyoandikwa Kiswahili, yanayosema wazi nani anafanya nini na nani analipwa nini. Muda mfupi hautoshi, mwanzi wenyewe unataka miaka kukomaa. Vikundi vilivyokuwa vinasafisha kabla ya mradi viangaliwe kwanza, kabla ya vile vilivyozaliwa wiki ya tenda. Tuache tulime nduma na miti ya matunda kwa utaratibu, tuuze miche, tukodishe viwanja vya watoto, pesa ziingie kwa akaunti ya kikundi na mtukague hata kila mwezi. Malipo ya miti yawe kwa ule ulioshika. Wale ambao lazima wahame kwa usalama, wajue wanahamia wapi kabla ya tingatinga kuwashwa. Na shimo la sua lifunikwe, hilo halihitaji makubaliano wala hotuba, ni mfuniko tu wa chuma, na mkiona wataiba tena wekeni wa zege.

Upande wetu tuko tayari kuandikwa majina na vitambulisho, na kipande chetu kikichafuka tena tuitwe kujibu. Chifu anatujua. Baraza iitwe hapa ukingoni siku ya kazi, mje na wanasheria wenu na ramani ya mipaka mnayotumia, na sisi tutaleta daftari la miti tuliyopanda na ile iliyokufa.

Wenu,
Mkaazi wa Korogocho, kwa niaba ya kikundi cha ukingoni